Mwamba Ngoma na Mwenye Daftari: Nafsi ya Mwandishi katika Shajara na Tawasifu za Miji ya Mlima Kenya

Utangulizi

Katika uhakiki wa fasihi ya Afrika Mashariki, maandishi ambayo mtu huyaandika juu ya maisha yake mwenyewe yamekaa kizingitini kwa muda mrefu. Hayakufukuzwa, wala hayakukaribishwa ndani. Riwaya, tamthilia na ushairi zimeandikiwa tahakiki nyingi. Shajara, barua na tawasifu zimeachiwa wanahistoria, ambao nao huzichuja ili wapate tarehe na matukio, kisha huyatupa makapi. Ni kweli kwamba fasihi ya Kiswahili ina mifano yake mashuhuri. Hamed bin Muhammed el Murjebi, yaani Tippu Tip, alisimulia maisha yake mwenyewe, na masimulizi hayo yakachapishwa mwanzoni mwa karne ya 20. Shaaban Robert naye alituachia Maisha Yangu. Hata hivyo, mifano hiyo husomwa zaidi kwa heshima ya watunzi wake kuliko kwa kuutambua utanzu wenyewe.

Sababu kubwa ya hali hii ni tuhuma ya ubinafsi. Mtu anayejaza kurasa kwa habari za usingizi wake, chakula chake, maradhi yake na machungu yake huonekana kama mtu aliyeipa jamii kisogo ili ajitazame kiooni. Uhakiki uliotamalaki katika miaka ya 1970 na 1980, uliomdai mwandishi awe sauti ya umma, uliizidisha tuhuma hiyo: palipo na "mimi" nyingi, ilidhaniwa kwamba "sisi" imekufa. Wahenga nao wanaonekana kuliunga mkono wazo hilo wanaposema kwamba mwamba ngoma, ngozi huvutia kwake. Lakini ni wahenga hao hao waliosema kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Methali ya kwanza inamshuku anayejiandika. Ya pili inamshuku asiyeandika.

Makala haya yanakusudia kuzipima methali hizo mbili kwa kutazama eneo moja tu, yaani miji na mashamba yaliyouzunguka Mlima Kenya, kutoka Timau na Nanyuki upande wa kaskazini hadi Karatina na Nyeri upande wa kusini na magharibi. Hoja inayojengwa ni kwamba wingi wa "mimi" katika maandishi si kipimo cha ubinafsi. Kipimo ni kama mwandishi ameiacha nafsi yake mahali ambapo msomaji anaweza kuikagua, kuipinga na hata kuitumia dhidi ya mwenyewe. Nafsi inayokubali kukaguliwa ni daftari. Nafsi inayokataa ni ngoma tupu.

Timau: Kipande na kitabu cha mlowezi

Timau ni mji mdogo ulio kwenye barabara itokayo Nanyuki kwenda Meru, katika miteremko ya kaskazini ya Mlima Kenya. Ni nchi ya ngano, shayiri, kondoo na, katika miongo ya karibuni, maua ya kuuzwa nje. Wakati wa ukoloni ardhi hiyo ilikuwa sehemu ya nyanda za juu zilizotengewa Wazungu, na mpango wa 1919 wa kuwagawia mashamba askari wa Uingereza waliotoka katika Vita vya Kwanza vya Dunia uliongeza idadi ya walowezi katika Laikipia na pande za Nanyuki. Miongoni mwa wafugaji wa kondoo waliojikita Timau alikuwa Will Powys, ambaye shamba lake liliitwa Kisima.

Jina la Powys halikosi maana kwa mwanafasihi. Ndugu watatu wa mfugaji huyo, yaani John Cowper, Theodore na Llewelyn, ni waandishi wanaojulikana katika fasihi ya Kiingereza. Llewelyn alikuja Kenya mwaka 1914 akiwa anaugua kifua kikuu, akaishi kwenye shamba la kondoo huko Gilgil hadi 1919, na baada ya kuondoka akaandika Ebony and Ivory (1923) na Black Laughter (1924). Kitabu hiki cha pili ni simulizi ya nafsi ya kwanza. Ugonjwa wake, upweke wake, hofu yake ya nyika na ya usiku ndivyo vinavyobeba kitabu. Watu waliofanya kazi shambani wanaonekana kwa jicho lake tu, na hawana nafasi ya kumjibu. Mhakiki anayetafuta mfano wa mwamba ngoma hatakuwa na safari ndefu.

Hata hivyo, haki inadai jambo moja lisemwe. Llewelyn Powys hakuwafichia walowezi wenzake ukatili wao, na kuhangaika kwake na nafsi yake mwenyewe ndiko kulikomfanya ashindwe kuyatazama mateso ya wengine kwa utulivu wa mtu aliyezoea. Katika kitabu kilichojaa "mimi", umma unapata ushahidi ambao haupatikani katika ripoti za utawala zilizoandikwa bila "mimi" hata moja.

Kwa upande wa pili wa ua wa shamba palikuwa na maandishi ya namna nyingine. Kwa mujibu wa sheria ya 1915, ambayo utekelezaji wake ulianza baada ya vita, kila mwanamume Mwafrika aliyefikia umri wa miaka 16 alilazimika kuwa na kipande. Karatasi hiyo ilitiwa katika kikasha cha chuma ambacho aghalabu kilining'inizwa shingoni. Ndani yake ziliandikwa habari za mwenye nacho: jina, alama za vidole, majina ya waajiri, tarehe ya kuajiriwa na ya kuachishwa, na kiwango cha mshahara. Mtu aliyeondoka shambani bila tajiri kutia saini hakuweza kuajiriwa kwingine kihalali, na angeweza kukamatwa.

Kipande kilikuwa wasifu. Kilifuata maisha ya mtu kwa mpangilio wa tarehe, kilitaja mahali alipoishi na kazi aliyofanya, na kilichukuliwa kuwa cha kweli kuliko kauli ya mwenyewe. Kasoro yake ni kwamba kilikuwa wasifu usio na mwenyewe. Hakuna mahali ambapo mchungaji wa kondoo au mkata ngano wa Timau angeweza kuandika kwamba aliondoka kwa sababu mkewe alikuwa mgonjwa, au kwamba mshahara ulioandikwa sio alioupokea. Aliandikwa, hakuandika. Kwa mtu ambaye habari zake zote rasmi zimo katika kikasha kilichojazwa na mwingine, neno "mimi" lina uzito tofauti kabisa na lile la mlowezi. Mtu huyo akijiandika anadai haki yake ya msingi, na itakuwa dhuluma kumwambia kwamba anajipenda kupita kiasi. Tuhuma ya ubinafsi, basi, haiwezi kutamkwa kabla ya kuuliza ni nani aliyekuwa ameshika kalamu hadi hapo.

Nanyuki: Mfungwa na kilele

Kutoka Timau hadi Nanyuki ni mwendo mfupi. Katika Vita vya Pili vya Dunia palikuwa na kambi ya wafungwa wa kivita hapo, iliyojulikana kwa nambari 354, na miongoni mwa wafungwa wake alikuwa Mwitalia Felice Benuzzi, aliyekuwa ofisa wa utawala nchini Ethiopia kabla ya kutekwa. Januari 1943 Benuzzi alitoroka pamoja na wenzake wawili, Giovanni Balletto na Vincenzo Barsotti. Hawakutoroka ili wafike kwao, maana walijua kwamba hawangefika. Walitoroka ili waupande mlima waliokuwa wakiuona kila siku kutoka ndani ya ua, kisha warudi wajisalimishe. Februari 6, Benuzzi na Balletto walifika kilele cha Lenana chenye urefu wa mita 4,985 na kuacha bendera yao hapo. Waliporudi kambini walihukumiwa siku 28 za kifungo cha peke yao, wakatumikia 7, kwa sababu mkuu wa kambi alivutiwa na ujasiri wao. Kitabu cha Benuzzi kilitoka kwa Kiitalia mwaka 1947 na kwa Kiingereza mwaka 1952.

Kwa kipimo cha uhakiki wa umma, hapana kitabu kilichozama katika nafsi kuliko hiki. Dunia nzima inaungua, naye mwandishi anashughulikia namna ya kuuvunja uchovu wa siku zisizo na kazi. Msitu anaoupita una watu wanaoutegemea kwa asali, kuni na malisho, lakini yeye anawajua kama watu wa kukwepwa tu. Hata hivyo kitabu kimedumu, na sababu yake inahusu hoja ya makala haya. Benuzzi anatoa hesabu. Anaeleza jinsi nyundo zilivyogeuzwa kuwa mashoka ya barafu na jinsi kamba za katani za vitanda zilivyogeuzwa kuwa kamba za kupandia. Anasema kwamba picha waliyoitegemea kama ramani ilikuwa ile iliyochapwa kwenye karatasi ya kopo la nyama. Zaidi ya hayo, anakiri kwamba walijaribu kilele cha Batian wakashindwa, na kwamba Lenana ndiyo iliyowabakia. Bendera waliyoiacha ilikutwa baadaye na wapandaji wengine. Nafsi hii imejianika kwa vipimo, na mlima wenyewe umekuwa shahidi wake.

Lakini lipo somo jingine katika kisa cha Nanyuki. Mfungwa yule alikuwa na hadhi iliyolindwa na mikataba ya mataifa, na aliyemhukumu alimtambua kuwa mtu mwenye nafsi inayostahili kustaajabiwa. Miaka kumi baadaye kambi za namna nyingine zilijengwa Kenya, na wafungwa wake walikuwa wenyeji wa miteremko hiyo hiyo. Kwao, hata haki ya kuwa na nafsi ilikuwa jambo la kugombewa.

Nafsi inayodaiwa: Ushuhuda na ungamo

Kabla ya kuifikia shajara ya kizuizini, ni lazima kutaja aina mbili za "mimi" ambazo jamii ya Nyeri na ya nchi jirani ilikuwa imekwisha kuzikuta, maana bila hizo shajara hiyo haitaeleweka.

Ya kwanza ni ile ya Uamsho wa Afrika Mashariki, ulioanzia Rwanda na Uganda katika miaka ya 1930 na kuenea katika makanisa ya Kenya ya kati katika muongo uliofuata. Waliookoka walisimama mbele ya watu na kusimulia dhambi zao moja baada ya nyingine: wizi, uzinzi, uongo, chuki za nyumbani. Wengi waliusikia ushuhuda huo kama ukombozi. Baadhi ya wazee na viongozi wa kanisa waliuona kuwa ni aibu, kwa kuwa mtu anayeanika dhambi yake huanika pia wale aliokosa pamoja nao, na siri ya nyumba huwa habari ya soko. Mjadala huo wa wazee ulikuwa, kwa kweli, mjadala wa uhakiki. Waliuliza swali lile lile linaloulizwa hapa: je, anayejisimulia hadharani anaifaa jamii, au anaifanya jamii kuwa hadhira ya nafsi yake?

Ya pili ni ungamo la kambini. Baada ya Gavana Evelyn Baring kutangaza Hali ya Hatari tarehe 20 Oktoba 1952, maelfu kwa maelfu ya watu walitiwa vizuizini. Mfumo wa kambi ulijengwa juu ya masimulizi ya nafsi. Mahabusu alihojiwa na kutakiwa aseme alikula kiapo lini, wapi, mbele ya nani. Aliyeungama alipewa daraja jeupe au la kijivu na kusogezwa kuelekea nyumbani. Aliyekataa aliitwa mweusi na kurudishwa nyuma, penye kazi ngumu na mapigo. Katika vituo vya kuchujia alikuwapo pia yule aliyeitwa gakunia, mtu aliyefunikwa gunia kichwani, ambaye alitikisa kichwa tu kumtambulisha mshukiwa. Huyu alikuwa shahidi asiye na jina wala uso, na kwa hiyo asiyeweza kuulizwa lolote.

Ungamo lilikuwa na kila sifa ya nje ya tawasifu: nafsi ya kwanza, tarehe, mahali, kosa, majuto. Hata hivyo lilikuwa limekwisha kutungwa kabla ya msimulizi kufungua kinywa. Alitakiwa kulijaza, kama kipande kilivyojazwa. Hapa ndipo hoja ya ubinafsi inapogeuka. Katika kambi, dola ndiyo iliyomlazimisha mtu aseme "mimi", na ilimlazimisha kwa ajili ya kuivunja "sisi". Mahabusu aliyetaka kubaki mtu alihitaji kuwa na "mimi" nyingine, isiyojulikana na wahojaji.

Karatina: Shajara ya Gakaara wa Wanjau

Gakaara wa Wanjau alizaliwa mwaka 1921 katika nchi ya Nyeri, akasoma Tumutumu na kisha Alliance, ambako alifukuzwa baada ya mgomo wa wanafunzi wa mwaka 1940. Baada ya kulitumikia jeshi alianza kuandika na kuchapisha vitabu vidogo vidogo. Miongoni mwa kazi zake za mwanzo ni insha ya Kiswahili, Roho ya Kiume na Bidii kwa Mwafrika, ambayo inapaswa kukumbukwa na wanafunzi wa fasihi ya lugha hii. Alikamatwa Oktoba 1952, Hali ya Hatari ilipotangazwa, akapitishwa katika kambi kadhaa, zikiwemo Kajiado, kisiwa cha Manda huko Lamu, Athi River na Hola. Alipoachiliwa alirudi katika uchapishaji, na Karatina ikawa makao ya kazi yake. Mwaka 1983 alichapisha kwa Kikuyu Mwandĩki wa Mau Mau Ithaamĩrio-inĩ, kitabu kilichojengwa juu ya shajara na hati alizozitunza kutoka kizuizini. Mwaka uliofuata kilipata tuzo ya Noma, pamoja na kazi ya Njabulo Ndebele wa Afrika Kusini, na mwaka 1988 tafsiri ya Kiingereza ikatoka. Gakaara alifariki mwaka 2001.

Msomaji anayekifungua kitabu hiki akitarajia utenzi wa mashujaa atashangaa. Sehemu yake kubwa ni mambo madogo: chakula, ugonjwa, kazi, kuhamishwa, barua zilizofika na zisizofika, wasiwasi kuhusu mke na watoto walioachwa nyumbani. Ni mambo yale yale ambayo tuhuma ya ubinafsi huyatolea mfano. Lakini yasomwe katika mahali pake. Kambi ilikuwa imeondoa kalenda ya kawaida. Mahabusu hakujua angekaa muda gani, kwa kuwa kizuizi hakikuwa kifungo chenye mwisho. Mwenye kuandika tarehe kila siku alikuwa anaurudisha wakati mikononi mwake. Mwenye kuandika alichokula alikuwa anahifadhi hesabu ambayo ripoti ya kambi haikuwa na nia ya kuihifadhi. Mwenye kuandika majina ya wenzake alikuwa anawatoa katika idadi na kuwarudisha katika watu.

Tofauti ya shajara hii na ungamo ni ya fani kama ilivyo ya maudhui. Ungamo lina mwanzo, kilele na mwisho: dhambi, majuto, kutakaswa. Shajara haina mwisho unaojulikana. Anayeandika leo hajui kesho itamgeuza vipi, na kwa hiyo hawezi kuivuta ngozi yote upande wake. Anaacha nyuma yake kauli ambazo kesho zitamwaibisha. Katika Athi River, kambi iliyohesabiwa kuwa ya kuwarekebisha mahabusu, kalamu ya Gakaara ilitumiwa pia katika mpango wa wenye kambi. Mwandishi aliyetaka kujijengea sanamu angeliruka jambo hilo. Kuwamo kwake katika kumbukumbu za mwandishi mwenyewe ndiko kunakoipa kazi hiyo uzito. Msomaji anaonyeshwa jinsi mtu mwenye msimamo alivyoishi na woga, hesabu za kifamilia na matumaini ya kuachiliwa, bila kuambiwa amsamehe au amhukumu.

Kwa mintarafu hiyo, shajara ya Gakaara inastahili kuwekwa karibu na kazi nyingine za kizuizini katika Kenya, kama vile Sauti ya Dhiki ya Abdilatif Abdalla, mashairi yaliyotungwa gerezani kati ya 1969 na 1972, na shajara ya gerezani ya Ngũgĩ wa Thiong'o iliyotoka 1981. Katika zote, nafsi iliyotengwa kwa nguvu inageuza kutengwa huko kuwa kituo cha kuitazamia jamii.

Msituni: Ngozi ilivyovutwa

Ingekuwa kosa, hata hivyo, kuhitimisha kwamba kila mpigania uhuru aliyejiandika alikuwa mwenye daftari. Historia ya msituni inaonya vinginevyo, na onyo lenyewe linatoka Nyeri.

Wapiganaji wa milima ya Nyandarua hawakuwa watu wasiojali maandishi. Dedan Kimathi alithamini sana kumbukumbu, na viongozi walikuwa na makarani na rejista. Karari Njama, mwalimu kutoka Nyeri aliyeingia msituni mwaka 1953 na kutekwa mwaka 1955, alikuwa karibu na uongozi huo kama mwandishi wake. Tawasifu yake, iliyochapishwa mwaka 1966 pamoja na maelezo ya mwanaanthropolojia Donald Barnett, ni mojawapo ya vyanzo vikuu vya kuyajua maisha ya msituni.

Lakini maandishi yenyewe yaliwagawa wapiganaji. Upande mmoja ulisimama Kimathi na wasomi wa Kenya Parliament. Upande wa pili lilisimama kundi la Kenya Riigi, lililohusishwa na Stanley Mathenge, ambamo viongozi wengi hawakuwa na elimu ya shule. Hao wa pili waliwashuku wenye kalamu. Waliona kwamba anayeandika historia ya vita wakati vita vinaendelea anajiwekea kiti cha mbele katika nchi itakayokuja, huku aliyebeba bunduki bila kujua kusoma akisahauliwa. Hiyo ndiyo methali ya mwamba ngoma, ikitamkwa na watu waliokuwa wakiwindwa.

Walikuwa na haki ya kuogopa. Mengi yanayojulikana leo juu ya Mathenge yamepitia katika kalamu za wapinzani wake. Wanawake waliobeba chakula, habari na risasi kutoka vijijini hadi msituni wameathirika vivyo hivyo: wengi wao wanapatikana katika tawasifu za wanaume tu, na kwa sentensi mojamoja. Kazi kama ile ya Wangari Maathai, mzaliwa wa Ihithe katika Nyeri, iliyotoka mwaka 2006, zilichelewa kuja na hazikuweza kuziba pengo lote.

Je, hayo yanaibatilisha tawasifu ya Njama? Hayaibatilishi, na sababu ni ile ile. Ni Njama mwenyewe anayeyaeleza malalamiko ya wasiosoma kwa urefu wa kutosha hata msomaji akaweza kuwaunga mkono dhidi ya msimulizi. Ngozi imevutwa, lakini alama za mvuto zimeachwa wazi. Mhakiki anaweza kuufuata mvuto huo hadi kwenye mkono uliouvuta. Pale ambapo hapakuandikwa kitu, hata mvuto hauonekani.

Daftari lafunguliwa

Thamani ya kujiandika hudhihirika zaidi siku ya ukaguzi. Tarehe 3 Machi 1959 mahabusu 11 waliuawa kwa kupigwa na walinzi katika kambi ya Hola. Taarifa ya kwanza ya serikali ilisema kwamba vifo hivyo vilitokea baada ya watu hao kunywa maji. Taarifa hiyo haikuwa na "mimi" ndani yake. Iliandikwa kwa ile sauti ya utawala isiyo na mtu, ambayo uhakiki umezoea kuiona kuwa kinyume cha ubinafsi. Uchunguzi wa vifo uliiangusha.

Nusu karne baadaye, wazee wa Kenya waliishtaki serikali ya Uingereza mjini London kwa mateso waliyoyapata kizuizini. Mwaka 2011 serikali hiyo ilikiri kwamba ilikuwa na maelfu ya majalada yaliyohamishwa kutoka makoloni yake na kuhifadhiwa Hanslope Park. Oktoba 2012 mahakama iliamua kwamba kesi ingeweza kusikilizwa kwa haki licha ya miaka mingi kupita, na sababu mojawapo ilikuwa wingi wa hati zilizobaki. Juni 2013 serikali ya Uingereza ilieleza masikitiko yake na kukubali kulipa pauni milioni 19.9 kwa walalamikaji 5,228.

Katika kesi hiyo aina mbili za maandishi zilikaguana. Masimulizi ya wazee, kila mmoja akisema yaliyoupata mwili wake, yalilinganishwa na majalada yaliyofichwa, na majalada yakakutwa yanawaunga mkono. Kama tuhuma ya ubinafsi ingekubaliwa, masimulizi hayo yangehesabiwa kuwa machungu ya watu binafsi, yasiyo na nafasi katika historia ya umma. Kumbe ndiyo yaliyokuwa historia. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake, na aliyekilalia hana njia ya kusema habari za kunguni ila kwa nafsi ya kwanza.

Hitimisho

Makala haya yamejaribu kuonyesha kwamba swali la kama kujiandika ni ubinafsi au ni kazi yenye faida haliwezi kujibiwa kwa kuhesabu viwakilishi vya nafsi. Kipande cha Timau hakikuwa na "mimi", nacho kilikuwa chombo cha kumnyamazisha mtu. Taarifa ya Hola haikuwa na "mimi", nayo ilikuwa uongo. Kwa upande mwingine, Llewelyn Powys na Benuzzi walijaa nafsi zao, na bado waliacha ushahidi. Gakaara na Njama walijiandika, mmoja kwa hesabu ya siku baada ya siku, mwingine kwa kumbukumbu za karani aliyekuwa na upande wake, na wote wawili walimwachia msomaji silaha za kuwapinga.

Kutokana na hayo, mhakiki anahitaji maswali matatu anapokutana na maandishi ya namna hii. Nani aliyekuwa ameshika kalamu kabla ya mtu huyu kuishika? Nafsi hii imejiandikia umbo lake yenyewe, au imejaza fomu iliyotungwa na mwingine? Na je, imeacha tarehe, majina, vipimo na makosa yanayoweza kukaguliwa? Maswali hayo yanaihukumu vikali zaidi tawasifu ya mwanasiasa anayejisifu, ambayo mara nyingi imeandikwa kwa lugha ya "sisi", kuliko shajara ya mtu asiyejulikana anayelalamikia chakula.

Lipo pia jukumu la kivitendo. Kizazi kilichoishi na kipande kimekwisha kutoweka, na kile kilichopita kambini kinamalizika. Madaftari ya walimu, ya makarani wa mashamba na ya wazee wa kanisa, katika Kikuyu, Kimeru na Kiswahili, huwekwa katika masanduku ya nyumbani, na huchomwa au kutupwa mwenye nyumba anapofariki, kwa sababu jamaa huona kwamba ni habari za mtu mmoja tu. Idara za fasihi zinaweza kuyakusanya, kuyahariri na kuyafundisha kabla mchwa hawajayamaliza. Hazina budi kufanya hivyo bila kuyageuza matakatifu, kwa maana kila daftari lina mkono unaovuta. Mchungaji wa Timau aliyetembea na maisha yake shingoni, yakiwa yameandikwa kwa lugha asiyoijua na mtu asiyemuuliza, hakupata nafasi ya kuuvuta upande wake wa ngozi. Aliyeipata nafasi hiyo baada yake anastahili kusomwa kwa makini, na kukaguliwa.